Ukimwona Ng'ombe, Pinda Kulia

Lusajo hakujua kucheza. Santuri hakuwahi kuigusa mbele ya watu, na mlangoni hakuwahi kusimama. Lakini kwa miaka mitatu hapakufanyika dansi la godauni la maana, Minneapolis wala Saint Paul, bila yeye. Yeye alikuwa sauti ya kwenye simu.

Hapo lazima tueleze kidogo, maana walioyaona mambo hayo sasa wana vitambi na watoto, na wasioyaona hawawezi kuyabahatisha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini vijana wa huku Minnesota, Marekani, walikuwa na dansi zao za chinichini, wenyewe wakiziita reivu. Hazikufanyika ukumbini. Zilifanyika kwenye godauni tupu, kwenye karakana iliyofungwa, na mara moja kwenye zizi la farasi ambalo farasi wenyewe walikuwa wamehama juzi tu. Muziki wake ulikuwa wa mashine, hauna maneno, unadunda vilevile saa nzima mpaka moyo wako ukubali kuufuata. Tangazo lilikuwa kipeperushi cha rangi za kuumiza macho, na juu yake hapakutajwa mahali, ila namba ya simu. Siku ikifika unapiga, mashine inapokea, sauti iliyomo inakuambia pa kwenda. Polisi nao walikuwa na vidole, nao walipiga.

Mwenye shughuli alikuwa Griffins, Mkenya wa Kisumu, mwanafunzi mwenzake Lusajo, mwenye spika kubwa kama makabati ya nguo. Lusajo alikuwa mbebaji tu. Jumamosi moja ya mwaka 1997 mafua yakamkausha Griffins koo, akabaki anatoa upepo mtupu. Akamsukumia mwenzake simu.

"Sema wewe, buda. Waambie tu vile watafika."

Lusajo akawaambia. Ila aliwaambia kama anavyoelekezwa mtu Tukuyu, alikozaliwa. Kule nani anamwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba? Unamwambia panda mpaka kwa fundi cherehani, shuka mpaka usikie maji, liache kanisa nyuma yako, kisha uliza. Basi Lusajo akashika simu, akacheka kidogo kwa aibu, akawaambia watoto wa Minnesota, kwa Kiingereza chake cha taratibu: Haya, karibuni. Tokeni mjini kama mnakwenda kusini, uvukeni mto. Mkiisha kuuvuka pindeni mkono wa jua linakozama, mkaingie Savage. Mtaona maghala marefu ya nafaka. Msisimame, hapo bado. Nendeni mpaka mumwone ng'ombe. Mkimwona ng'ombe, pindeni kulia, vukeni reli, fuateni vumbi la wenzenu. Mkipotea ulizeni, kuuliza si ujinga. Kunyweni maji na mtazamane.

Ng'ombe huyo alikuwa wa plastiki, mweupe mwenye mabaka meusi, mkubwa kuliko gari, amesimama juu ya paa la kibanda cha aiskrimu.

Griffins alidhani wameharibikiwa. Walikuja watu mia nne. Walikuja wakicheka, misafara ya magari saba manane, wageni kwa wenyeji, maana walikuwa wamesimama njiani wakaulizana: jamani, mmemwona ng'ombe? Kabla hawajafika mlangoni walikuwa wamekwisha kujuana. Na polisi waliosubiri anwani walipewa ng'ombe. Tangu siku hiyo simu ikawa ya Lusajo. Muuza petroli wa Savage alifika mahali hata haulizwi tena. Akiona gari limejaa suruali pana na shanga za plastiki, ananyoosha kidole tu.

Tusidanganyane. Vidonge vilikuwapo, na wapo walioondoka kwa gari la wagonjwa. Lusajo hakuvipenda, ndiyo maana yale ya maji hakuyasahau hata mara moja. Lakini alilolipenda alilipenda kweli: kwamba wale watu hawakumjua mtu wa kumtazama. Mpiga santuri alijibanza pembeni gizani kama fundi umeme, na watu wakatazamana wao kwa wao.

Kisha mambo yakageuka, kama yanavyogeuka. Sheria zikakaza. Wakaguzi wa moto wakaja na tochi. Magodauni yakatiwa madirisha, yakawa nyumba za kupanga. Dansi zikahamia klabu za mjini, zenye kamba mlangoni na meza za wakubwa, mpiga santuri akapandishwa jukwaani, na watu wote wakasimama wakimwangalia yeye kama shule iko mstarini. Lusajo akamaliza masomo, akawa fundi wa mashine katika hospitali moja Saint Paul, zile za kupumulia na za kupima mapigo. Akamwoa Ikupa, wakahamia Roseville, wakapata binti, Atupele. Hakulia. Ila kila palipokuwa na wageni na chai, habari za ng'ombe zilitoka, na Ikupa, mwimbaji wa kwaya ambaye hakuwahi kuona godauni lolote ila la mahindi, alizisikiliza kama mke anavyosikiliza vita alivyopigana mumewe kabla hajamjua.

Basi mwaka 2008, mwezi wa nane, Griffins akapiga simu.

"Buda, nimepata ile godown ya Savage. Ile ile. Wataibomoa mwezi ujao. Nimechukua kibali, Jumapili mchana, saa saba mpaka jioni. Watu waje na watoto."

"Mchana?"

"Sasa wewe ukikesha siku hizi si utalala wiki mzima? Mchana, bro. Na toilets za kukodi, na kila kitu legal."

"Na simu?"

Namba ilikuwa hai bado, Griffins hajaikata, mwenyewe hajui kwa nini. Angeikata mwisho wa mwezi. Lakini alikuwa na msaidizi sasa, Fiona, mtoto wa Kikenya aliyekulia huku huku, mwenye kujua mambo ya tovuti. Fiona alitaka kuweka anwani mtandaoni na ramani yake, watu waingize kwenye vile vidude vya kwenye gari vinavyosema, wafike.

"Watafika kama wanaokwenda kununua friji," Lusajo akasema.

"Watafika, lakini."

Wakabishana, na mwisho wakakubaliana hivi: Fiona atangaze mtandaoni ile namba tu, na simu itumike kwa mara ya mwisho, sauti ya Lusajo, bila anwani. Ikifika saa kumi bila watu sitini kutimia, Fiona anaweka ramani.

Kwa Griffins hilo lilikuwa jambo la kupanga shughuli tu. Kwa Lusajo lilikuwa kubwa kuliko alivyoonyesha. Katika miaka ile yote hakuwa na jingine la kwake. Wengine walipiga muziki, wengine walicheza. Yeye alileta watu. Wakishindwa kufika leo, basi pengine hata zamani walikuwa wakifika kwa kubahatisha tu, na yeye amewachosha wageni kwa hadithi bure.

Alirekodi Jumamosi, jikoni kwake, mlango umefungwa. Alipotoka alimkuta Ikupa sebuleni akichambua mchele.

"Umekwenda kuiona njia kwanza?"

"Njia haihami, mama."

"Haya. Mimi simo."

Mtu wa kwingine angeendesha gari akaangalia. Lakini kwao Lusajo pana kona inaitwa Kinuni, na kinu chenyewe kiliungua kabla baba yake hajaoa. Mpaka leo mgeni anaambiwa pinda Kinuni, na anapinda, kwa sababu yeyote atakayemuuliza anajua kinu kilipokuwa. Alama ikishajulikana na watu, haina haja tena ya kuwepo. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hata hakujua kwamba anafikiri hivyo.

Jumapili asubuhi yeye na Griffins walipitia Shakopee kuchukua spika, wakaingia Savage kwa upande wa pili. Kwa ng'ombe hawakupita.

Ilipofika saa saba, muziki ukawashwa. Walikuwapo watu kumi na mmoja, wengi wao wabeba spika. Saa nane walikuwa kumi na wanne. Griffins akaanza kupokea simu za rafiki zake wa zamani, na kila akipokea, uso unarefuka.

"Huyu amezunguka mara tatu, anasema hakuna ng'ombe."

"Aangalie juu ya paa," Lusajo akasema.

"Mwingine huyu. Hakuna ng'ombe." Simu ikalia tena. Griffins akasikiliza, akafumba macho. "Huyu amemwona ng'ombe."

"Si nilikwambia!"

"Ng'ombe wa ukweli, Lusajo. Kwa shamba. Amepinda kulia akaingia kwa zizi la mtu. Sasa wanakunywa kahawa na mwenye shamba, anasema ni mzee poa sana lakini hakuna muziki."

Fiona akacheka, kisha akajizuia kwa adabu. "Uncle, niweke tu address? Ni dakika moja."

"Saa kumi bado," Lusajo akasema, akakaa juu ya sanduku la spika, mikono katikati ya magoti. Godauni lilikuwa lilelile, na mwanga wa mchana uliingia kwenye nyufa za bati ukaonyesha vumbi likipanda na kushuka kwa mdundo. Zamani vumbi hilo hawakuliona kwa giza na watu. Sasa wapo watu wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga aliyevishwa vizuia kelele masikioni, amelala fofofo.

Saa tisa na nusu wakasikia honi nje. Lusajo akatoka. Gari la bluu la Ikupa lilikuwa likiingia uani, na nyuma yake magari mengine saba, yamefuatana kama vifaranga.

Ikupa alishuka na gauni lake la kanisani.

"Baba Atupele," alisema kabla ya salamu, "ng'ombe wako yuko wapi?"

"Kwani hukumwona?"

"Ningemwona wapi? Pale pana mahali pa kuoshea magari. Muulize mwanao."

Atupele, miaka sita, alithibitisha kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja na kwamba baba amedanganya kwenye simu.

"Njia haikuhama," Ikupa akaendelea, "ng'ombe ndiye aliyehama. Ameuzwa Wisconsin huu mwaka wa tatu."

"Nani kakwambia?"

"Si ulisema kwenye simu tuulize? Nikauliza. Yupo mzee pale anafuta magari. Nikamwambia, samahani baba, hapa kulikuwa na ng'ombe? Ee, kumbe nimemfungulia mlango! Kanionyesha alipokuwa amesimama, kanionyesha na upande aliokuwa akitazama. Kasema kila mtu alimlilia."

"Na hawa je?" Lusajo akayaonyesha yale magari saba.

Ikupa akashusha sauti. "Hawa nimewakuta palepale. Wamepanga magari, kila mmoja ndani ya lake, vioo juu, anakitazama kile kidude chake. Wote wanatafuta kitu kimoja, na hakuna aliyeshuka kumuuliza mwenzake! Nikagonga kioo cha kwanza, nikasema, mnamtafuta ng'ombe? Yule kaka akaniangalia kama malaika. Nikawaambia, nifuateni."

Lusajo aliyatazama tena yale magari. Kumbe kosa lake halikuwa moja. Hakwenda kuitazama njia, hilo moja, na Ikupa angelikumbushia mpaka Krismasi. Lakini maneno yake hayakuwa yameelekeza watu peke yake hata zamani. Alianza tu, waliomalizia ni muuza petroli, na gari la mbele, na msichana aliyeshusha kioo kwenye taa nyekundu akamuuliza wa gari la pili. Na sasa vioo vilikuwa juu.

Griffins akatokea mlangoni na saa mkononi. "Arobaini na mbili. Saa kumi kasoro robo. Buda, pole."

"Nipe kiti," Lusajo akasema.

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia, Griffins. Na unipe mpaka saa kumi na nusu."

"Tulikubaliana saa kumi."

"Hiyo ya nyongeza. Hata mpira una dakika za nyongeza, na nyinyi Wakenya mnazihitaji kuliko wote."

"Wewe Mtanzania ndio unaongea mambo ya mpira?" Griffins akasema, lakini alikuwa amekwisha kuvuta kiti cha kukunja. "Nusu saa. Fiona, shikilia."

Ikupa akampeleka kwa gari lake, Atupele nyuma. Pale alipokuwa amesimama ng'ombe, Lusajo akafungua kiti kwenye nyasi kando ya barabara, akampungia mkono yule mzee wa kufuta magari, akatoa simu, akapiga ile namba na kuingiza nambari za siri, ambazo vidole vilizikumbuka kabla ya kichwa. Ikupa alikaa garini na mlango wazi, akisikiliza. Hakuwahi kumsikia akirekodi.

Lusajo akacheka kidogo, kama siku ile ya kwanza.

"Haya, karibuni. Mambo ni yaleyale mpaka kwenye maghala ya nafaka. Ila ng'ombe hayupo, amehamia Wisconsin, na mimi nimewapoteza, nawaomba radhi. Mahali pake nimekaa mimi. Ni mtu mweusi, mrefu, shati la kijani, kwenye kiti. Mkiniona, simameni. Shusheni kioo. Tusalimiane kwanza, ndipo mpinde kulia."

Akakata. Ikupa alikuwa akimwangalia.

"Nini?"

"Hakuna," Ikupa akasema. "Ndiyo maana walikuwa wanakuja."

Kwa dakika kumi haikuja hata baiskeli. Kisha gari jekundu likapunguza mwendo, likasita, kioo kikashuka. Ndani alikuwamo mzungu mwenye ndevu za kijivu na viti viwili vya watoto nyuma.

"Sema kitu," yule mtu akamwambia.

"Niseme nini?"

Yule mtu akapiga usukani kwa kiganja. "Ni yeye! Ndiye mwenyewe!" Akashuka, akaacha mlango wazi barabarani, akamkumbatia. "Miaka ile yote nakusikia. Nilidhani wewe ni mzee. Nilidhani wewe ni mchungaji!"

Nyuma yake likasimama jingine, na mwenye hilo akashuka kuona kuna nini. Wakaanza kuulizana: wewe ulikuwapo ile ya zizi la farasi? Nilikuwapo. Viatu vyangu vilinuka mwezi mzima. Na vyangu! Likaja la tatu, la nne. Dada mmoja alimwomba aseme "kunyweni maji," aliposema akajifuta machozi, akasema ni vumbi, na vumbi halikuwapo. Wakaja hata wale wa kwa mwenye shamba, wamepewa jibini, na mwenye shamba mwenyewe wamemkalisha kiti cha mbele, amevaa ovaroli, anataka kuona hicho kilichompotosha kijana wa watu.

Saa kumi na dakika ishirini simu ya Lusajo ikalia.

"Sabini na moja," Griffins akasema, na nyuma yake makelele yalikuwa yamekuwa makelele kweli. "Fiona amefunga laptop. Anasema anataka kuja kukuona ukiongea na watu. Anasema ni kama customer service."

"Mwambie ni salamu tu."

"Nimemwambia. Hajaelewa, lakini anacheza."

Ikupa na Atupele wakaenda. Lusajo alibaki kwenye kiti, na magari yakaendelea kuja, sasa hivi mawili, sasa hivi matano. Mzee wa kufuta magari alimletea soda, akakaa naye kidogo, wakazungumza habari za ng'ombe. Upepo ukigeuka, mdundo ulifika kutoka ng'ambo ya reli, mzito na laini. Hakuwa na wivu wa kuwa kule. Ikupa alipompigia, ilibidi apige kelele.

"Baba Atupele! Huku kila mtu anacheza lake, hakuna mpangilio wowote, lakini hujaona mtu amemkanyaga mwenzake! Mwanao amepata marafiki. Njoo!"

"Nakuja. Ngoja wapungue."

Walikuwa wamepungua kweli. Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado juu ya maghala, lilikuja gari moja dogo la rangi ya maziwa, polepole sana. Ndani alikuwamo mama wa miaka sitini hivi, peke yake, nywele zimetengenezwa, na kwenye kiti cha abiria sahani ya biskuti imefunikwa karatasi ya kung'aa.

"Wewe ndiye wa kwenye simu," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ndiye, mama. Umepotea?"

"Hapana." Alizima injini. "Binti yangu alikuwa akija kwenye hizi dansi zenu. Hakuwa akiniambia anakwenda wapi. Nikaiona namba kwenye karatasi chumbani kwake, nikaanza kupiga. Kila Jumamosi. Nikikusikia, nakwenda kulala. Sikujua Savage ndiyo wapi, lakini nilisema, huyu mtu anaonekana anawataka wafike." Akanyoosha gauni magotini. "Sasa yuko Oregon, ana watoto. Amenipigia leo asubuhi, anasema, mama, simu imefufuka. Nikapiga. Nikaona, kwa nini nisiende nikaone mwenyewe?"

Kwao Lusajo mtu akikuuliza njia na huna haraka, humwelekezi, unampeleka. Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akainua ile sahani, akaketi, akaiweka mapajani. Kiti chake akakiacha palepale kwenye nyasi.

"Twende, mama. Pinda hapo."

"Kuna kelele sana?"

"Sana. Lakini wana vitambaa vya kuziba masikio, na mke wangu yupo."

"Miaka yote hiyo sikujua hata jina lako."

"Lusajo."

Alilijaribu mara mbili, na la pili likawa karibu na lenyewe. Wakavuka reli, wakaingia kwenye vumbi la wenzao, na biskuti zikaanza kutetemeka chini ya karatasi hata kabla hawajauona mlango.